Kasha la Vespa ya Marehemu Baba

Walimu wenzetu wamezoea kuandika humu habari za mashamba, za malezi na za desturi za wazee wetu. Leo twaomba nafasi kuandika habari za kitu cha chuma, yaani kasha la injini ya skuta, jinsi lilivyoharibika na jinsi lilivyotengenezwa. Na kwa kuwa aliyeliharibu ndiye huyu aandikaye, tutaisimulia habari yote bila kupunguza. Tusemapo "sisi" katika uharibifu huo, ni mwalimu mmoja tu wa Kwedizinga, wala asishirikishwe mwingine.

Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu kama sisi. Alipostaafu alituachia vitu vichache: sanduku la vitabu, jembe la kukokotwa na ng'ombe ambalo hakuna aliyelitumia, na Vespa ya aina ya Sprint, yenye ujazo wa sentimeta 150. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1965. Baba aliinunua mjini Tanga ikiwa imekwisha kutumika, akaipanda miaka mingi katika vumbi jekundu la Uzigua, na mama yetu nyuma yake, ameketi upande. Alipofariki, Vespa ikawa ya mama. Sisi tukaitumia kwenda shule, na siku ya kliniki tukampakia mama, maana miguu yake haimchukui tena mwendo mrefu.

Ndugu yetu mdogo ni fundi wa pikipiki hapo njia panda. Yeye aliacha masomo darasa la saba. Sisi tukaendelea, na tangu hapo, twaona haya kusema, tulimhesabu kuwa ni mtu wa spana na sisi ni watu wa vitabu. Pikipiki azitengenezazo karibu zote ni zile za abiria, za mipigo minne. Vespa ile ni ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili na petroli, nasi tulikuwa tumesoma habari zake katika kitabu. Kwa hiyo tulijiona kuwa twaijua kuliko yeye.

Yafaa tueleze kwanza tofauti yake, kwani asiyeijua hataona kwa nini mkwaruzo mdogo uliiua injini nzima. Katika injini ya mipigo minne, kasha la chini ni nyumba tu ya kranki na bakuli la oili. Likipata ufa, oili huvuja, mwenyewe hunung'unika, akaongeza nyingine akaenda zake. Lakini katika injini ya mipigo miwili kasha ni kifua. Pistoni ipandapo, kasha huvuta pumzi: mvuke wa petroli na oili huingia kutoka katika kabureta. Pistoni ishukapo, pumzi ile hubanwa ndani ya kasha, ikasukumwa kwa njia za ubavuni mpaka juu ndani ya silinda, ikawake huko. Joseph Day, mtu wa mji wa Bath katika Uingereza, ndiye aliyeomba hati ya ufundi huu, na mpaka leo msingi wake ni uleule: kasha lisilozuia hewa haliwezi kuilisha injini.

Vespa yenyewe ni kazi ya Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, aliyeichorea kampuni ya Piaggio, ikaanza kuuzwa mwaka 1946. Hapo kwanza pistoni ndiyo iliyofungua na kufunga tundu la kuingizia mvuke. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya 1950, kazi hiyo ilihamishiwa kwenye kranki. Kranki ina magurudumu mawili mazito. Gurudumu moja limekatwa pengo ukingoni, nalo huzunguka karibu sana na uso uliokerezwa ndani ya kasha, mahali penye tundu la kabureta. Pengo lifikapo mbele ya tundu, mlango umefunguka. Likipita, mlango umefungwa. Hakuna mpira, hakuna gasketi, ni chuma kikipita mbele ya alumini, na nafasi iliyo kati yao haipitishi hata wembe wa kunyolea. Utando mwembamba wa oili ndio unaomalizia kuziba. Ni ufundi wa ajabu, ila hausamehe.

Sasa tuje kwenye kosa. Jumamosi moja ya kiangazi tulitaka kusafisha kabureta. Ndugu yetu alikuwa ameisafisha juma lililopita, nasi tuliona hakuifanya vizuri, kwa sababu moja tu, ya kwamba ni yeye aliyeifanya. Kabla ya hapo alikuwa ametuambia, "Kaka, ukiing'oa kabureta, ziba lile tundu kwa kitambaa kwanza, ndipo ushike kitu kingine." Tulimjibu, "Twajua." Kitambaa kilikuwa begani mwetu, tena kikabaki papo hapo begani.

Kabureta ya Vespa hiyo hushikwa na bolti mbili ndefu, na kila moja ina wosha yake. Tulipokuwa tukirudisha, tulihesabu wosha tukapata moja. Tuliitafuta mchangani chini ya mwembe kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha tukajiambia kwamba imepotea mchangani, tukachukua nyingine katika kopo la baba. Msomaji, ndani ya moyo wetu tulijua kwamba kuna mahali pengine pa kutafuta. Tulipokanyaga kiki mara ya kwanza, ikagoma katikati. Tukakanyaga tena kwa uzito wote wa mwili. Ikatoa mlio kama wa jino livunjikapo kwa mfupa, kisha ikalegea, na injini ikawaka. Tukashukuru, tukanyamaza.

Tangu siku hiyo Vespa haikuwa ile. Asubuhi iliwashwa kwa kusukumwa. Ikienda taratibu ilikohoa, na petroli ilirudi nyuma ikitoka kinywani mwa kabureta kama mate, hata mguu wa suruali ukanuka. Ikienda mbio ilitulia kidogo. Mama alisema, "Iliharibika baada ya mdogo wenu kuigusa." Naye ndugu yetu alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Alitutazama, nasi tukatazama chini. Hatukusema neno. Yeye akabadilisha plagi kwa fedha yake, akasafisha mirija ya kabureta mara mbili, akabadilisha mpira wa kranki upande wa sumaku, na kila mara mama alimwambia yaleyale.

Usiku mmoja tulichukua kurunzi, tukaing'oa kabureta kwa siri, tukageuza kranki mpaka pengo likaja mbele ya tundu, tukachungulia. Katika ule uso laini palikuwa na mfuo, umeanza ukingoni mwa tundu ukaenda mbele, upana wake kama njiti ya kiberiti. Hapo tulijua yote. Na badala ya kumwita ndugu yetu tulinunua ile gundi ya chuma ya mirija miwili, tukaichanganya, tukaipaka kwa kijiti kwa kupitia tundu lile lile, tukageuza kranki ili gurudumu liisawazishe. Gundi hiyo haina lawama. Mafundi wengi huitumia mahali kama hapo ikashika miaka, lakini wao hufungua kasha, huliosha, hulikwaruza ili gundi ipate kushika, kisha hukereza. Sisi tuliipaka gizani juu ya oili.

Ilishika siku 11. Siku ya 12, tukitoka shule, injini ilikazana ghafula, gurudumu la nyuma likaburuta vumbini, tukaanguka pamoja na madaftari ya darasa la sita. Kipande cha gundi kilikuwa kimebanduka, kikapandishwa na pumzi ya injini mpaka silinda, kikakwama kati ya pistoni na ukuta. Hatukuumia zaidi ya goti. Tuliisukuma Vespa mpaka nyumbani, nayo ikasimama ukutani miezi miwili.

Katika miezi ile alikuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Aliizunguka Vespa, akagonga kasha kwa kidole, akasema alumini ina bei nzuri kuliko chuma. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatugeukia sisi na ndugu yetu, akasema, "Kama hamwezi kuiponya, mpimieni. Nimechoka kuitazama." Akaingia ndani. Ndugu yetu alimwambia yule mtu arudi baada ya mwezi. Jioni hiyo alishusha injini peke yake, akaifunga katika gunia, na asubuhi tukaondoka pamoja kwa basi kwenda Korogwe, gunia likiwa kati ya miguu yetu.

Kwa nini Korogwe? Asiyeifahamu nchi yetu ajue kwamba mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uliijaza nchi yote ya bonde la Pangani, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mkonge hauendi bila mashine ya kusaga majani, iitwayo korona katika mashamba yetu tangu zamani, kabla ya maradhi yenye jina kama hilo. Na mashine hiyo haiendi bila mtu wa kukereza vyuma vyake. Kwa hiyo mkonge ulizaa mafundi wa kerezo, wakarithishana kazi. Mashamba mengi yamepungua, ila mafundi wako. Ndugu yetu alimjua mmoja, mzee aliyekuwa amestaafu katika karakana ya shamba la mkonge, naye ana banda lake mjini lenye kerezo moja na mitungi ya gesi.

Tulimwamkia, akaitika marahaba, akatandika gunia juu ya meza. Alifungua kasha nusu mbili bila haraka, akizipanga bolti katika kipande cha boksi alichokitoboa matundu, kila bolti mahali pake. Kranki ilipotoka, alichukua miwani yake, akaupitisha ukucha juu ya ule mfuo. Alikaa kimya. Kisha akatwaa sindano, akachokoa mwisho wa mfuo, akatoa kijipande cha chuma kilichozama ndani ya alumini, kimepinda kama ukucha uliokatwa.

"Hii ni wosha," alisema. "Nani aliifungua kabureta?"

Ndugu yetu alianza kusema, "Mimi, mzee, juma moja kabla ya..." Nasi tukaona kwamba akimaliza maneno yale, hatutaweza kumtazama tena maisha yetu yote. Tukamkatiza, tukasema, "Mzee, ni mimi. Iliniangukia, nikaficha. Na gundi ni mimi vilevile." Mzee hakusema lolote, alirudi kwenye kazi yake kana kwamba tumemtajia saa. Ndugu yetu alitoka nje. Alikaa huko kwenye kivuli cha ukuta muda mrefu, na aliporudi alikuwa na chupa tatu za soda. Aliweka moja mbele yetu. Hakutusemesha mpaka alasiri, lakini alikuwa ameinunua.

Mzee alitueleza njia tatu. Ya kwanza, kutafuta kasha jingine. Lakini nusu mbili za kasha hukerezwa zikiwa zimefungwa pamoja kiwandani, kwa hiyo hazibadilishwi nusu moja, na kasha zima zuri, hata Unguja ambako Vespa zingali nyingi, lina bei ya kuogofya. Ya pili, kugeuza injini: kuukata kabisa ule uso, kulipanua tundu, na kutia juu yake kitasa chenye ndimi nyembamba za bati la chuma zinazofunguka injini ivutapo pumzi na kujifunga zenyewe isukumapo. Vijana wapendao mbio hufanya hivyo hata kwenye kasha zima, kwa kuwa injini hupata nguvu zaidi. Ndugu yetu macho yalimwaka kusikia hayo. Lakini mzee alisema, "Ukikata, hapana kurudi nyuma. Na ndimi hizo zikivunjika, utazipata wapi Kwedizinga?" Ya tatu ni kuujaza mfuo kwa alumini na kuukereza upya. Ndugu yetu alitutazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema, "Tuijaze, kaka. Ibaki ya baba." Tukaafikiana.

Kazi ile ilichukua siku 2, nasi twapenda kuieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi huichukulia alumini kama chuma, wakaiharibu. Kwanza beringi zilitolewa kwa kulipasha moto kasha, kwani alumini hutanuka kuliko chuma, na beringi huachia zenyewe. Kisha likaoshwa kwa mafuta ya taa, halafu kwa maji ya moto na sabuni, mara tatu. Sisi tulitaka kutia magadi makali ya kupikia sabuni, ili mafuta yatoke upesi. Mzee alitushika mkono: magadi hayo huila alumini kama mchwa alavyo mti. Baada ya kuoshwa liliwekwa juu ya jiko la mkaa. Tulidhani limekwisha kuwa safi, lakini lilipopata moto likatoka jasho jeusi, oili ya miaka yote iliyojificha ndani ya vitundu vya alumini ya kusubu. Likapanguswa, likatoka tena. Hapo tuliona kwa nini gundi yetu haikuwa na mahali pa kushika.

Mfuo ukachimbwa kwa tupa mpaka alumini nyeupe ikaonekana kila upande. Kasha likafungwa kwa bolti juu ya bamba nene la chuma lisipate kujipinda kwa moto. Ndipo mzee akawasha gesi. Mhunzi wa chuma husoma rangi: chuma kikiwa chekundu yuajua hivi, kikiwa cha manjano yuajua vile. Alumini haisemi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kabla ya kuonyesha wekundu wowote, ikaanguka ghafula kama uji. Tena ngozi yake, ule utando wa juu uliofanywa na hewa, haiyeyuki mpaka nyuzi zipitazo 2,000. Nyama imekwisha kuwa maji na ngozi ingali imesimama. Kwa hiyo mzee alisugua kwa brashi ya waya, akapaka dawa ya unga iliyokorogwa kwa maji ili kuiondoa ngozi hiyo, na kando ya mahali pa kazi akachora mstari kwa sabuni ya mche. Moto ulipokolea mstari ukageuka hudhurungi, halafu ukawa mweusi. Na hiyo ndiyo saa yake. Akaugusisha uti wa alumini, ukashika, akaujaza mfuo tone kwa tone mpaka ukavimba juu kidogo. Kisha tukalifukia kasha katika majivu ya moto, likalala humo usiku kucha lipoe polepole lisije likapasuka.

Kesho yake lilifungwa kwenye kerezo. Mzee alilipima kwa tundu la beringi, si kwa ukingo wa nje, kwa sababu kranki huzunguka katika beringi, wala haujui ukingo. Alitumia karibu saa nzima kulipima na dakika chache tu kulikata. Alikata unyoya kwa unyoya, akisimama kila mara kuingiza kranki na kuigeuza. Nyuso za kukutania nusu mbili zilisuguliwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha, mpaka zikang'aa sawasawa pote.

Jaribio lake lilikuwa rahisi, hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Kasha lilipofungwa, aligeuza kranki hadi mlango ukafungwa, akamimina oili kidogo katika tundu la kabureta. Siku tuliyofika alikuwa ametuonyesha jaribio hilo kabla ya kulifungua: oili ilizama tukihesabu hadi tatu. Sasa ilikaa. Tulikunywa chai, tukala maandazi, tukarudi, nayo ingalipo, imeshuka kidogo tu. Kisha tukaziba njia zote kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, tukatia upepo taratibu kwa pampu ya baiskeli, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio. Hakuna povu lililofura.

Silinda ilipanuliwa, na pistoni ya saizi kubwa zaidi ililetwa kutoka Unguja. Hayo hayana hadithi. Fedha zetu za miezi mitatu zilikwenda. Ndugu yetu alitaka kuchangia, tukakataa, naye hakushindana nasi.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza uani, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tulikuwa tumekwisha kumwambia habari ya wosha usiku ule tuliporudi kutoka Korogwe. Alimwita ndugu yetu jina lake la utotoni, akamwambia aipeleke mpaka barabarani na kurudi, yeye, si mwalimu. Akaipeleka. Moshi wa samawi ukabaki chini ya mwembe, na mama akaendelea kusimama mpaka mlio ulipokuwa ukirudi, ndipo akaingia ndani akisema bada litaungua.

Mwezi uliopita tulihitaji kuing'oa kabureta tena, kwa uchafu mdogo wa petroli. Kabla hatujashika spana, kitambaa kilitupiga usoni. Ndugu yetu alikuwa amekitupa toka mlangoni. Tukaziba tundu. Tulipomaliza kazi alituamuru tuzihesabu wosha kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, nasi tukazihesabu: moja, mbili.